Mwananchi Pekee wa Jimbo la Magugumo

Mambo haya hayakutokea kwenu. Kwenu, nasikia, kila kitu kinakwenda sawasawa, na anayesema vinginevyo huulizwa ametumwa na nani. Haya yalitokea katika nchi moja ya mbali, ambayo hata nikiwatajia jina mtasema hamjawahi kuisikia, kisha mtatazamana.

Katika nchi hiyo serikali ilikuwa ikikaa mbali. Mtu akitaka muhuri, alifungasha chakula cha njiani, akaaga watoto, akasafiri. Akifika anaambiwa mwenye muhuri amekwenda kunywa chai. Watu wakalalamika. Rais wao alikuwa mtu wa huruma sana. Alikisikia kilio chao baada ya miaka mingi, kwa kuwa naye alikuwa mbali, na alipokisikia alilia redioni mpaka mtangazaji akaweka muziki. Kisha akasema, "Ndugu wananchi, kama ninyi hamwezi kuifikia serikali, serikali itawafikia ninyi. Na ikishafika haitaondoka." Watu waliishangilia ile sentensi ya kwanza. Ya pili iliwapita.

Basi ugatuzi ukaanza. Nchi ikakatwa majimbo. Majimbo yalipoonekana makubwa, yakakatwa tena, na vipande vikakatwa vipande, kama mama anavyokata muhogo wa kuchemsha, wageni wanapozidi kuingia. Kila kipande kilipewa gavana, bunge, bendera na king'ora. Hatimaye kisu kikafika Magugumo, kitongoji cha paa chache kando ya mto Chereko. Magugumo ilipotangazwa kuwa jimbo kamili, king'ora kilifika kabla ya gari la kukibeba, na kwa muda mrefu alikipuliza mtu kwa mdomo.

Pamoja na jimbo ilikuja Sheria ya Ukaribu, ambayo watoto walifundishwa kuiimba. Ilisema hivi: serikali isikae mbali na mwananchi kupita umbali wa sauti ya mtu anayemwita jirani yake. Na kulikuwa na kifungu kidogo cha mwisho, kisichoimbwa: jimbo ambalo mwananchi wake yuko nje ya sauti hiyo litafutwa, na viongozi wake watarudi kuwa watu wa kawaida.

*

Siku ya kugawa vyeo, Bi Sikudhani hakuwepo. Alikuwa amevuka mto kwenda Kidundu kumtazama binti yake Mashavu, aliyeolewa huko na sasa alikuwa mjamzito. Ilikuwa mimba ya kwanza, na mimba ya kwanza haiachiwi mtu mwingine. Mama mzazi ndiye humpokea mtoto, humkanda binti kwa maji ya moto, humpikia uji wa pilipili manga mpaka arobaini itoke. Sikudhani alikuwa na sababu yake zaidi ya mila. Yeye mwenyewe alijifungua mtoto wake wa kwanza akiwa peke yake, mama yake akiwa amekwama njiani, na mtoto yule hakukaa duniani. Mashavu alikuja baadaye. Tangu siku Mashavu alipovunja ungo, Sikudhani aliapa kwamba uchungu wa mwanawe hautamkuta hayupo.

Huku nyuma vyeo vilikuwa vingi kuliko watu, kwa hiyo hakuna aliyekosa. Kibwana, mwana wa kaka yake Sikudhani, fundi baiskeli, akawa Gavana. Chande mwuza nyama akawa Spika na pia kiongozi wa upinzani. Alikuwa akihama kutoka kiti hiki kwenda kile, akijipinga kwa ukali na kujinyamazisha mwenyewe. Tausi mwuza vitumbua, shoga wa Sikudhani tangu utoto, akawa Waziri wa Mito na Vivuko. Hata vipofu wawili wa pale msikitini walipewa Idara ya Uangalizi.

Sikudhani aliporudi jioni, alikuta kitongoji kizima kimesimama barabarani kwa mistari, kimevaa makoti.

"Kuna nini? Amekufa nani?" aliuliza.

"Shangazi, karibu," alisema Kibwana, mikono nyuma. "Tulikuwa tunakungoja. Vyeo vimekwisha, lakini usihuzunike. Nafasi yako ni kubwa kuliko zetu zote. Wewe ndiye mwananchi."

"Mwananchi yupi?"

"Yule tunayemtumikia."

Wakapiga makofi. Sikudhani naye akapiga, kwa adabu, akaingia ndani kubandika chungu. Alipotoka alikuta ofisi ya Gavana imekwisha jengwa kwenye ubavu wa jiko lake, ili sheria itimie. Wizara ya Kilimo iling'oa mihogo yake ipate mahali pa kukaa.

*

Daraja la Chereko lilikuwa la magogo. Hakuna serikali iliyowahi kulijenga, na labda ndiyo sababu lilidumu. Kila mwaka kabla ya masika, ringi ya lori iliyoning'inizwa mbele ya bucha la Chande iligongwa, na watu wa pande zote mbili wakatoka na mashoka kwenda kwenye msaragambo, kazi ya pamoja isiyo na malipo. Waliondoa magogo yaliyooza, wakaweka mapya, wakala ubwabwa, wakarudi nyumbani wakigombana kuhusu nani aliyekwepa kazi.

Mwaka huo mawingu yalipoanza kukusanyika, Sikudhani aliona watu wamesahau. Akaenda akaigonga ringi mwenyewe. Viongozi wote walitoka, wakasimama kwenye vibaraza vya ofisi zao, wakamtazama kwa furaha.

"Twendeni basi," alisema Sikudhani, shoka begani.

"Msaragambo ni kazi ya wananchi," alieleza Chande. "Viongozi tukibeba magogo, tutakuwa tumekunyang'anya haki yako."

Akaenda peke yake. Alikata tawi moja, akaliburuta mpaka mtoni, likamshinda kulivusha. Nyuma yake alifuatana naye afisa wa habari, akimpiga picha. Picha ile ilibandikwa kwenye mbao zote za matangazo, chini yake maneno: Wananchi wa Magugumo wajitokeza kwa wingi.

Mvua ya kwanza ililichukua daraja lote.

*

Sikudhani akaenda kwa Tausi. Tausi alikuwa amevaa mshipi mrefu wa hariri begani, alama ya uwaziri, na jiko lake la vitumbua lilikuwa limegeuzwa kiti cha wageni. Magugumo nzima ilikuwa haijaonja kitumbua tangu ugatuzi uingie. Nyama haikuuzwa, baiskeli hazikuzibwa pancha. Na kwa kuwa waheshimiwa nao walikuwa na matumbo, mwananchi ndiye aliyewapikia.

"Tausi, mwenzangu, daraja limekwenda."

"Shoga, niite Mheshimiwa kwanza ndiyo nisikie. Si mimi, ni itifaki."

"Haya, Mheshimiwa Tausi. Daraja limekwenda, na Mashavu mwezi wake ni huu."

Tausi akakunja uso, na kwa muda mfupi akaonekana kama Tausi yule wa zamani. Kisha akajikumbuka. "Tatizo ni kwamba mto ni mpaka. Nusu ya maji ni yetu, nusu ni ya Kidundu. Wizara yangu inaishia katikati. Nikikujengea daraja la mpaka katikati, shoga yangu, si nitakuwa nimekutosa?"

"Kwa hiyo?"

"Leta maoni yako kwenye baraza."

Baraza la ushirikishwaji wa wananchi likaitwa. Sikudhani alikalishwa kwenye kigoda katikati ya uwanja, na mbele yake serikali nzima kwenye jukwaa. Gavana alianza kwa kuwashukuru wananchi kwa kufurika. Spika akawaomba wananchi waache kunong'ona. Sikudhani aliyekuwa amenyamaza kimya alitazama nyuma, akaona kuku.

Akasimama akasema haja yake yote: mto, binti, mimba ya kwanza, na hata yule mtoto ambaye hakukaa, jambo ambalo hakuwa amelisema mbele za watu kwa miaka mingi. Jukwaani watu waliinamisha vichwa, na mmoja wa wale vipofu wa Uangalizi alifuta machozi. Kisha Kibwana akainuka.

"Maoni yako yamepokelewa," akasema, na wote wakapiga makofi, na baraza likafungwa kwa sala.

Msiseme hayakufanyiwa kazi. Wiki ile ile viongozi walisafiri kwenda nchi za nje, kwenye nchi yenye madaraja, kujifunza. Walimwacha Chande peke yake uani kwa Sikudhani, ili Sheria ya Ukaribu isivunjike. Na kila Sikudhani alipoita jirani, Chande aliitika kwa ukali kama upinzani, kisha kwa upole kama Spika. Wenzake walirudi wamevaa fulana zenye picha za madaraja. Taarifa yao ilisema kwamba madaraja ya huko huanzia upande mmoja na kuishia upande wa pili, na kwamba ipo haja ya kwenda tena kuhakikisha.

*

Asubuhi moja sauti ilisikika kutoka ng'ambo. Alikuwa Mkude, mume wa Mashavu, amesimama ukingoni na wigi la katani kichwani, kwa kuwa upande wa Kidundu yeye ndiye aliyekuwa Spika. Mto ulikuwa umejaa, unanguruma, lakini mkwe ni mkwe.

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba, baba! Habari za huko?"

"Nzuri, mama! Mashavu ameshikwa na uchungu tangu alfajiri!"

"Nani yuko naye?"

"Yuko peke yake, mama! Wanawake wote ni madiwani! Wako kikaoni!"

Sikudhani aligeuka. Alirudi nyumbani mbio, akafunga kanga, unga wa uji, pilipili manga na kichupa cha mafuta ya nazi kwenye furushi la kitambaa, akajitwisha. Alipofika tena mtoni, serikali ya Magugumo ilikuwa imekwisha jipanga ukingoni, imemzibia njia.

"Wapi, shangazi?" aliuliza Kibwana.

"Kwa mwanangu."

"Umeomba ruhusa?"

"Nimeomba daraja."

"Shangazi, hatuwezi kukuachia." Kibwana akamsogelea, akashusha sauti wasimsikie mawaziri wake, na macho yake yakalengwa machozi ya kweli. "Ukiondoka, sisi tutamtawala nani?"

Sikudhani alimwonea huruma. Ndiye aliyembeba mgongoni alipougua surua, na alijua kwamba tangu utoto Kibwana hakuwahi kuitwa na mtu kwa heshima mpaka lilipokuja lile koti.

"Baiskeli zinakungoja, mwanangu," alimwambia.

Alidhani anamfariji. Gavana akapauka uso, akaita askari. Askari hawakuwepo, maana wote walikuwa wamepandishwa vyeo kuwa makamanda, na kamanda hamkamati mtu kwa mkono wake.

"Sheria! Sheria hairuhusu!" alipiga kelele Chande kutoka upande wa serikali.

"Shemeji Chande," alisema Sikudhani, "sheria naisikia inaimbwa kila siku kwenye ubavu wa jiko langu. Inasema serikali isikae mbali na mwananchi. Pana mahali imesema mwananchi asikae mbali na serikali?"

Chande akafikiri. Akahamia upande wa upinzani, akafikiri tena. "Hapana," akasema, na kwa mara ya kwanza pande zote mbili za bunge zikakubaliana.

Mkude alikuwa amekwisha funga kamba kwenye shina la mkuyu kule ng'ambo, akairusha. Ilikuwa fupi. Ilianguka majini, akaivuta, akairusha tena; ncha yake ikaelea karibu, lakini mkono wa mtu usingeifikia bila kusombwa. Sikudhani akaingia majini mpaka kiunoni, na maji yakaivuta kanga yake. Ukingoni serikali ilikuwa inajadili kama tukio lile lipewe jina la maafa au la msiba.

Tausi akavua mshipi wake wa hariri.

"Mheshimiwa Waziri!" alikemea Kibwana.

"Kelele," alisema Tausi. Akaingia majini nyuma ya shoga yake, akafunga ncha moja ya mshipi kwenye kisiki cha daraja la zamani, akamfunga Sikudhani ile ncha ya pili kiunoni, akamshika mkono mpaka vidole vyake vilipoigusa kamba ya Mkude. "Nenda, shoga. Usitazame nyuma. Nenda!" Ndipo akaufungua mshipi ule, mto ukauchukua. Nadhani hiyo ndiyo kazi pekee ambayo Wizara ya Mito na Vivuko iliwahi kuikamilisha.

Sikudhani alivuka akimeza maji na kuyatema. Mkude alimvuta ukingoni, akageuza uso pembeni kwa heshima mpaka mkwewe alipojistiri, kisha wote wawili wakakimbia.

*

Huku Magugumo serikali ikabaki ukingoni. Kibwana alipeleka mikono mdomoni akaita, "Shangazi!" Mto ukanguruma. Akaita tena. Serikali nzima ikaita kwa pamoja, ikapuliza na king'ora. Hakuna aliyeitika. Mwananchi alikuwa nje ya sauti, na kile kifungu kidogo kisichoimbwa kilianza kuwalia masikioni. Wengine walianza kuona makoti yanawabana.

Wakafungua kikao cha dharura palepale kwenye matope. Mmoja alishauri ziara. Mwingine alishauri tume. Chande alisimama katikati, pasipokuwa na kiti cha upande wowote, akasema kwa sauti ya zamani, ya mwuza nyama, "Jamani. Mashoka yako wapi?"

Sijui kama kwenu mmewahi kuona serikali inakata miti. Makoti yalitundikwa vichakani. Kibwana aliongoza kwa panga. Mawaziri walibeba magogo mabegani wakihema, wakisukumana, wakiitana majina ya utani waliyoachana nayo tangu siku ya vyeo. Madiwani wa Kidundu waliposikia mashoka walitoka kikaoni wakaja upande wao, kwanza kulinda nusu yao ya maji, halafu, bila mtu kuwaamuru, wakaanza kuweka magogo nao. Jua halijageuka vizuri, daraja lilikuwa limesimama, imara kuliko lile la kwanza. Kwa saa hizo chache palikuwa na kicheko pale mtoni, na nina hakika hakuna aliyekumbuka cheo chake.

Kisha walivaa makoti.

Gavana wa Magugumo na Gavana wa Kidundu walikutana katikati ya daraja, wakakata utepe kila mmoja kwa mkasi wake, wakahutubia kwa pamoja ili asitangulie mtu. Wakaweka kibao: Daraja la Viongozi. Walikubaliana kwamba kivuko cha wananchi kitafanyiwa utafiti.

*

Wakati magogo yakipangwa, ndani ya nyumba ya Mkude mtoto alikuwa akitoka. Sikudhani alimkuta Mashavu ameng'ang'ania mguu wa kitanda, midomo imekauka, anasema, "Mama, nilijua hutafika. Nilijua." Sikudhani alimpangusa jasho kwa kanga yake iliyolowa maji ya mto.

"Nimefika, mwanangu. Sukuma."

Alikuwa anaogopa kuliko Mashavu. Mikono yake ilifanya kazi yenyewe, na moyoni alikuwa akimwomba Mungu amsamehe kwa dharau yoyote aliyowahi kuifanya, amwachie huyu tu. Mtoto alipoteleza mikononi mwake, wa kike, mzima, mwenye nywele nyingi, Sikudhani alikaa chini kwa nguvu, akalia kwa sauti, bila kujali nani anamsikia.

Waliosikia walikuwa wengi. Serikali mbili zilikuwa zimepanga mistari nje ya mlango, zinasukumana kwa adabu kuwania ukaribu. Maana Mashavu naye alikuwa mwananchi pekee wa Kidundu. Siku ya vyeo vya huko tumbo lilimlemea akashindwa kupanda kilima cha mkutano.

"Shangazi!" aliita Kibwana kupitia ufa wa mlango. "Amezaliwa nani?"

"Amezaliwa mtu."

Nje kukawa na mnong'ono. "Tunauliza," alisema Gavana wa Kidundu, "ni mwananchi au ni kiongozi? Na ni wa upande gani? Tunataka kuanza kumtumikia."

Sikudhani akafungua mlango kidogo. "Mnataka kumtumikia? Nahitaji maji ya moto na kuni. Mzazi hajakandwa."

Serikali mbili zikatazamana. Kila mheshimiwa aligeuka nyuma kumtafuta mtu ambaye kazi hiyo ni yake, na aliyekuwa nyuma kabisa akageuka akaona uwanja mtupu. Walikuwa wamesimama hivyo waliposogea pembeni kumpisha mwanamke mmoja aliyekuja amelowa tope mpaka magotini, ndoo kichwani, mzigo wa kuni kwapani, bila mshipi.

"Hodi, shoga," alisema Tausi.

"Karibu, mwenzangu. Pita."

Hapo ndipo mtoto aliposikia baridi ya mlango, akafumbua mdomo akalia. Ilikuwa sauti kubwa kwa kiumbe kidogo namna ile. Ilitoka nje, ikapita juu ya makoti, ikafika mtoni na kuvuka. Sheria ya Ukaribu ilikuwa imetimia kuliko wakati wowote katika historia ya nchi ile: kila kiongozi wa majimbo mawili alikuwa ndani ya umbali wa sauti, na sauti ilikuwa ikiita.

"Maoni yamepokelewa!" walisema magavana wote wawili kwa pamoja, na umati ukapiga makofi mpaka kuku wakatimka.

"Abee, mama," aliitika Sikudhani, akafunga mlango kwa mguu, akampeleka mtoto kwenye titi la Mashavu.